Wakili, naweza kumdai afisa aliyetaka hongo fidia ya kumuadhibu?

Swali: Assalaam alaykum wakili. Mimi nauza samaki Likoni. Mwaka huu afisa mmoja wa ofisi ya umma alikalia leseni yangu miezi mitatu sababu nilikataa kumpa elfu kumi, duka likafungwa, samaki wakaniozea, hasara kama laki mbili. Mwenzangu kaniambia kuna fidia ya kuadhibu, unalipwa zaidi ya ulichopoteza, na ati Marekani ni mara tatu. Naweza kuidai? Na mbona isitumike kwa ufisadi wote hawa watu wafilisike?

Jibu: Waalaykumu salaam dada, pole sana, na hongera kwa kutotoa hiyo elfu kumi. Sikusifu bure, chini ya sheria ya hongo ya Kenya ya 2016 anayetoa na anayepokea wote wana makosa, kwahivo ungetoa ungekuja kwangu na kesi ya kujitetea badala ya kudai.

Haya, tuanze na maana yake. Fidia ya kawaida inakurudisha pale ulipokuwa, yani hasara ya samaki pamoja na faida uliyokosa ile miezi mitatu. Fidia ya kuadhibu inakuja juu ya hiyo, korti inamtoza mtu ili aumie na wenzake waone. Sisi tumeirithi kwa Waingereza, na kwenye kesi ya Rookes v Barnard ya 1964 jaji Lord Devlin aliibana ikabaki na milango mitatu tu: mtumishi wa serikali aliyemuonea raia au kuvunja katiba, mtu aliyepiga hesabu akaona faida ya kosa itazidi fidia atakayotozwa, na pale ambapo sheria yenyewe imeruhusu. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikaifuata kwenye kesi ya Obongo dhidi ya baraza la manispaa ya Kisumu, ile ya 1971. Yako inaingia mlango wa kwanza vizuri kabisa, afisa kutumia kiti cha umma kumkaba mfanyabiashara ni uonevu, sioni jina jingine.

Lakini swali ambalo watu hawaulizi ni hili, nani atalipa? Ukiishtaki ofisi peke yake, ukashinda, ukapewa milioni moja ya kuadhibu, hiyo milioni inatoka kwa ushuru, kwako wewe na kwa mwenzako anayeuza viazi pale Kongowea, na yule afisa aliyekukaba anaendelea na mshahara wake kama kawaida. Tena utaisubiri sana, sababu mali ya serikali haikamatwi na madalali, kifungu cha 21 cha sheria ya kesi za serikali kinakataza. Ndo maana mimi huwaambia wateja wangu mshtakini mtu mwenyewe kwa jina lake, ofisi iunganishwe kama kuna haja. Adhabu isiyomfikia mkosaji inawaadhibu walioibiwa, na hilo linaniuma sana.

Kuhusu kuitumia kwa ufisadi wote, hapo sikubaliani nawe. Mtu akiiba pesa za hospitali walioumia ni maelfu, sasa mmoja akienda kortini akabeba fidia nono peke yake, wale wengine waliokosa dawa wanapata nini? Hiyo mara tatu ya Marekani ipo kweli, lakini ni sheria yao dhidi ya wanaoidai serikali pesa kwa uongo, iliyoanza 1863, na pesa inarudi serikalini, raia aliyefichua anapata fungu lake la asilimia 15 hadi 30. Hiyo hesabu naipenda, sababu mwizi analia, hazina inapona na mfichuzi hasahauliki.

Na sisi tuna vifaa, shida ni kuvitumia. Sheria ya ufisadi ya 2003, kifungu cha 48, mtu akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini hadi milioni moja au kufungwa hadi miaka 10 au vyote viwili, na kama kuna faida aliyopata au hasara aliyosababisha inayohesabika, lazima aongezewe faini mara mbili ya kiasi hicho. Kifungu cha 55 kinaruhusu EACC, ile tume ya kupambana na ufisadi, kumwendea mtu mwenye mali asiyoweza kuieleza. Na katiba yenyewe, ibara ya 226(5), inasema afisa aliyeidhinisha pesa za umma zitumike kinyume cha sheria atalipa hasara yeye mwenyewe hata akiwa ashatoka ofisini. Mimi ningetaka hiyo ibara itumike kila wiki.

Sasa wewe dada, msingi wako uwe kifungu cha 51 cha hiyo hiyo ya 2003, kinasema aliyefanya ufisadi ana deni la fidia kamili kwa yeyote aliyepata hasara kwa sababu yake. Kesi ni ya madai kwahivo unahitaji kuonyesha tu kwamba unayodai yana uwezekano mkubwa wa kuwa kweli kuliko kutokuwa, sio ule uzito wa kesi ya jinai. Fidia ya kuadhibu iombe juu yake, ila usiitegemee, majaji wetu huitoa kwa mkono mzito. Ripoti pia EACC, wana ofisi hapa Mombasa. Na usikawie, madai ya aina hii dhidi ya serikali muda wake ni miezi 12 tu.

Kama uliandika barua kuulizia leseni na ukabaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, hiyo ndo kitu cha kwanza nataka kukiona, na ukumbuke tarehe alizokwambia "rudi kesho" na ni nani alikuwepo.