Unyevu umerudi juu ya lipu ya saruji

SWALI: Nyumba yetu ya mawe na chokaa ina zaidi ya miaka mia, na kuta zake ni nene nusu mita. Chini, hadi usawa wa kiuno, lipu ilikuwa ikivimba na kutoa unga mweupe. Tukapiga lipu ya saruji yenye dawa ya kuzuia maji. Sasa doa la unyevu limetokea juu ya ukingo wa lipu hiyo. Fundi anataka kutoboa ukuta na kudunga dawa. Tukubali?

JIBU: Msikubali bado. Saruji haikukausha kitu; iliziba njia, na maji yaliyokuwa yakivukizwa usoni mwa ukuta yamepanda kutafuta upenyo kwingine. Dawa ya kudunga nayo hufaa ikienea bila kukatika katika unene wote. Kuta nene za kale aghalabu zimejazwa vifusi katikati, na dawa hupotelea kwenye mapengo.

Hakikisheni kwanza kwamba si gata inayovuja wala bomba lililopasuka. Msitegemee kipima unyevu cha pini peke yake, kwa sababu chumvi, yaani ule unga mweupe, ikiwa ukutani nayo hupandisha kipimo.

Kazi kubwa iko nje. Miaka inavyopita, udongo na zege hurundikana hadi kuizidi sakafu ya ndani. Shusheni ardhi iwe sentimita 15 hadi 20 chini ya sakafu hiyo, na ielekeze maji mbali na ukuta. Mkiweka mtaro wa kokoto, usifike kitako cha msingi: misingi ya zamani aghalabu ni mifupi, ukuta unaweza kutitia.

Ndipo mbandue saruji yote, pamoja na lipu iliyo juu yake mpaka sentimita 30 kupita doa. Chumvi iondolewe kwa brashi kavu. Mkiiosha, itayeyuka na kurudi ndani. Halafu subirini, na hapa ndipo wengi hushindwa. Kadirio la kawaida ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, kwa hiyo ukuta wenu waweza kuhitaji miezi 20.

Lipu mpya iwe ya chokaa: fungu moja la chokaa iliyozimwa kwa mafungu matatu ya mchanga mkali usio wa baharini, kila tabaka kama sentimita moja, likifunikwa kwa magunia mabichi lisikauke haraka. Pakeni chokaa, si rangi ya plastiki. Chumvi iliyobaki itaichakaza lipu hii, na huenda mkairudia baada ya miaka kadhaa. Afadhali iliwe lipu kuliko mawe.