Kumchana Paka Bila Kumkamata kwa Nguvu

Zabibu alifika nyumbani kwetu Kibokoni, Mombasa, akiwa na umri wa miezi mitatu hivi, na manyoya yake marefu, aliyoyapata kwa mama mwenye damu ya paka wa Kiajemi, yalinipendeza kabla sijajua kazi yake. Mwaka wa kwanza nilimkosea sana. Kila Jumamosi nilimkamata ukosini, nikambana magotini na kumchana kuanzia shingoni hadi mkiani mpaka nimalize, kwa kuwa niliamini kwamba kazi ikianzwa ni lazima imalizwe. Alilia, alinikwaruza, na mwisho akawa akisikia droo ya kitana ikifunguliwa anakimbilia uvunguni na kukaa huko hadi usiku. Kadiri alivyokimbia ndivyo manyoya yalivyozidi kusokotana, na kadiri yalivyosokotana ndivyo kitana kilivyozidi kumuuma, hata akawa na kila haki ya kuniogopa.

Aliyenizindua ni mamangu, ambaye hajawahi kufuga paka wa manyoya marefu. Aliniangalia nikihangaika, akasema: "Mwanangu, mbona kila kitu waamua wewe? Mwache na yeye aamue mwisho." Tangu siku hiyo nimeifuata kanuni moja, kwamba paka ndiye anayeamua lini tumalize, na mimi kazi yangu ni kumaliza kabla hajalazimika kuniambia.

Nilianza upya kabisa. Kwa wiki mbili kitana kilikaa mkekani karibu na bakuli lake la chakula, bila kumgusa hata mara moja, ili kikome kuwa dalili ya mateso. Kisha nikawa ninampapasa mashavuni na chini ya kidevu, mahali ambapo paka mwenyewe hupenda kujisugulia kwenye miguu ya watu na viti, na alipotulia nilipitisha mgongo wa kitana badala ya meno yake. Baada ya hapo ndipo nikamchana mara tatu tu, nikampa kipande kidogo cha samaki aina ya changu aliyechemshwa bila chumvi wala kitunguu, kwa kuwa vitunguu na vitunguu saumu ni sumu kwa paka, nikakirudisha kitana drooni mwake. Saa tunayotumia ni baada ya Isha, ameshakula, feni inazunguka na joto la mchana limepungua. Adhuhuri ya kaskazi, paka anapokuwa amejinyoosha kwenye sakafu akitafuta ubaridi, si wakati wa kumsumbua.

Dalili za kuchoka huja mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani. Ncha ya mkia huanza kupigapiga, masikio hugeuka pembeni, ngozi ya mgongo hutetemeka kama iliyotuliwa na nzi, na mngurumo wa raha hukatika. Ukiacha hapo, paka hujifunza kwamba anasikilizwa. Ukingoja mpaka akung'ate ndipo umwachie, umemfundisha kwamba kung'ata ndiko kunakomwokoa.

Mafundo yanahitaji subira kuliko jambo lingine lolote. Zabibu huyapata makwapani na nyuma ya masikio. Hulishika fundo kwa vidole viwili kwenye shina, karibu kabisa na ngozi, ili mvuto wa kitana uishie kwenye vidole vyangu na usifike mwilini mwake, kisha ninalichambua kuanzia nchani, unywele kwa unywele, na pengine fundo moja huchukua siku tatu. Ninawasihi msitumie mkasi. Ngozi ya paka ni nyembamba na huinuka pamoja na fundo, kwa hiyo ni rahisi mno kukata nyama ukidhani unakata manyoya. Fundo likishakuwa gumu kama kipande cha zulia, mpeleke kwa daktari wa mifugo alinyoe kwa mashine.

Kucha nazo huenda polepole. Paka wengi wana kucha 18, tano katika kila mguu wa mbele na nne katika kila mguu wa nyuma, na hakuna sheria inayosema zikatwe siku moja. Mimi hukata mbili au tatu, nikiondoa ncha tu, mbali na ule mstari wa waridi ndani ya ukucha ambao una mshipa wa damu na huuma sana ukiguswa.

Kuhusu kuosha, paka mwenye afya hujisafisha mwenyewe kwa ulimi na mara nyingi hahitaji kuogeshwa. Ikibidi, kwa mfano amejipaka mafuta ya gari, tumia maji ya uvuguvugu na shampuu ya paka. Sisi wa Mombasa tuwe waangalifu zaidi: maji ya tangi la juu ya nyumba saa nane mchana yanaweza kuwa ya moto, na ya visima vyetu vingi yana chumvi ambayo itabaki manyoyani naye ailambe, kwa hiyo mimi huweka mtungi wa lita 20 wa maji matamu kwa kumsuuza.

Viroboto havina msimu hapa pwani, kwa kuwa joto lipo mwaka mzima. Pitisha kitana chenye meno ya karibu, kisha kung'utia zile chembe nyeusi kwenye karatasi nyeupe iliyolowa. Zikitoa rangi nyekundu, ni kinyesi cha viroboto. Hapo muulize daktari dawa ya paka. Usimpake mafuta ya taa, wala dawa ya mbwa yenye permethrini, ambayo inaweza kumuua.

Sasa Zabibu ana miaka 11. Ameanza kuacha kujilamba kiunoni, jambo ambalo paka wazee hulifanya mara nyingi viungo vinapowauma, na daktari amethibitisha kwamba nyonga yake ya kushoto ina shida. Upande huo ninauchana kwa mkono mwepesi, na siku nyingine siugusi kabisa. Baada ya Isha huja mwenyewe mkekani, husugua shavu kwenye kitana, hukaa kwa michano kumi au kumi na miwili, kisha huinuka na kwenda zake dirishani, nami hukirudisha kitana kwenye droo.