Kabla Hujawakaribisha Wageni Kwenye Bwawa la Zamani

Shamba tulilonunua mimi na ndugu zangu upande wa Nakuru lilikuja na bwawa lake, tuta la udongo lililoachwa na walowezi. Tukaweka mitumbwi miwili na meza kivulini, familia zikaanza kuja Jumamosi kuvua tilapia na kuchoma nyama. Sikujua kwamba mengi tuliyowafanyia wageni yalikuwa yanalidhoofisha tuta.

Kila mvua kubwa iliponyesha, samaki walitoroka kupitia mfereji wa pembeni unaomwaga maji ya ziada. Tukauziba kwa wavu wa waya. Mwezi wa nne ikanyesha usiku kucha. Kulipokucha nilikuta wavu umejaa magugu, matawi na chupa za plastiki, umekuwa ukuta kamili, na maji yamebakiza shubiri moja kufika juu ya tuta. Mzee anayetuchungia ng'ombe alikuwa tayari majini hadi kiunoni, anakata kwa panga. "Mwanangu, shika huku tuvute," akaniambia. "Tutaongea baadaye."

Maji yakipita juu ya tuta la udongo huanza kulimega upande wa nyuma, na hulikata lote kwa muda mfupi. Bwawa la South Fork huko Pennsylvania, Marekani, lilikuwa kuukuu la udongo, mali ya klabu ya matajiri waliokwenda kuvua na kupumzika. Mabomba ya kupunguzia maji yalishang'olewa, tuta likapunguzwa kimo ili magari ya farasi yapite juu, na mfereji wa ziada ukawekewa wavu wa chuma kuzuia samaki. Lilipasuka tarehe 31 Mei 1889, wakafa watu 2,209. Nilipofika kwenye habari ya ule wavu sikuweza kuendelea kusoma. Hapa kwetu, bwawa la shamba binafsi lilipasuka Solai Mei 2018, usiku, likaua watu zaidi ya 40.

Kwa hiyo uache mfereji wazi, hata samaki wakipungua. Miche ya miti inayoota kwenye tuta ing'oe ikiwa midogo. Mti mkubwa usiukate kabla mhandisi hajauona, kwa sababu mizizi yake ikioza huacha vijia vya maji ndani ya udongo. Mashimo ya fuko na nungunungu usiyapuuze.

Baada ya mvua tembea chini ya tuta, upande usio na maji. Ukikuta panapovuja, kinga maji kwenye chupa inayoonyesha ndani na uyaache yatulie. Yakiwa safi, weka alama na urudi kesho. Yakiacha tope chini, udongo wa ndani unasombwa: ondoa wageni, waambie walio bondeni wahame, kisha mpigie mhandisi.

Chini ya bwawa letu kuna nyumba kumi na moja. Nilizipitia zote kwa miguu, na namba zao za simu nimezibandika mlangoni, karibu na tochi.