Mbona soda ikiisha gesi inakuwa tamu kupita kiasi?

SWALI: Habari za kazi jamani. Mimi napenda kuchanganya juisi na yale maji ya gesi, ila kila nikichanganya gesi inaisha fasta. Halafu soda ikikaa wazi mpaka gesi iishe inakuwa tamu mpaka inakinaisha, mbona sukari ni ileile? Hivi hiyo gesi ina kazi gani zaidi ya mapovu?
Mpenda Juisi

JIBU: Mpenda Juisi, kazi inayo, tena kubwa. Ile ni kaboni dayoksaidi, ikishasukumwa kwenye maji kwa presha sehemu yake inageuka asidi, dhaifu tu, ila uchachu wake ndo unaoibana sukari isitawale mdomo. Gesi ikitoka uchachu unapungua, sukari inabaki inajitamba yenyewe, na soda ikishapata joto ndo utamu unazidi kusikika. Halafu ule mchomo ulimini, watu wanadhani ni mapovu yanapasuka, wapi! Kwa sehemu kubwa ni asidi hiyohiyo, ulimi una kimeng'enya, yaani protini ya kuharakisha mabadiliko ya kikemikali, kinachoigeuza gesi kuwa asidi palepale, ndo maana kuna wapanda milima wakimeza acetazolamide, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, wanaona bia imepooza kabisa wakati mapovu yapo vilevile, dawa imekizuia kimeng'enya.

Sasa juisi yako. Shida nahisi ni joto, maana lita 1 ya maji ya nyuzi 0 inabeba gesi kama lita 1.7 hivi, yakifika nyuzi 20 inabeba karibu nusu yake tu. Kwa hiyo poza kwenye friji kila kitu, juisi, maji, hata glasi, na juisi ichuje maana zile nyamanyama ndo viputo vinapojishikiza vikue vitoroke. Anza na juisi, iwe nzito kidogo, maji ya gesi yaje mwisho, inamisha glasi umimine taratibu ubavuni mwake, koroga mara moja kutoka chini basi. Habari ya blenda sahau, huko unaitoa gesi yote mwenyewe.

Na soma lebo bana. Maji mengine ya gesi yamewekwa sodiamu baikaboneti, hayo yanapunguza ukali wa ndimu au pesheni, so ongeza ndimu kidogo. Ile toniki nayo ni kinywaji kingine kabisa, ina kwinini na kwa kawaida sukari juu, ukiimimina kwenye juisi utapata uchungu utashangaa umetoka wapi.