Moyo Unapodunda kwa Mazoezi, si kwa Hofu

Msomaji mmoja wa Wete, aliyenusurika katika ajali ya boti, ameniandikia kuuliza kama ni salama kwake kufanya mazoezi, kwa kuwa kila akikimbia kidogo moyo humwenda mbio na fikra zikamrudisha baharini. Suali hili nalijua kuliko anavyodhani, kwani mimi ni miongoni mwa waliookolewa MV Spice Islander I ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba.

Kwa miaka mingi nililala kwa vipande na kushtushwa na kila mlango uliobamizwa, na barzani walisema nimechezewa na shetani wa baharini. Maneno hayo sijayasahau, wala sioni sababu ya kuyasahau. Aliyenifumbua macho ni muuguzi aliyenipima presha, akaikuta iko juu, kisha akaniuliza habari za usingizi wangu kabla ya habari za chumvi.

Mtu mwenye kiwewe, yaani mshtuko uliombakia moyoni baada ya janga, huishi kama aliye hatarini hata akiwa amekaa kitako nyumbani kwake. Mwili huendelea kumwaga adrenalini, ile homoni ya hofu na hatari, mapigo huenda haraka na presha hupanda. Ukiongeza usingizi mbovu, sigara na kujifungia ndani, si ajabu kwamba tafiti zimewakuta watu hawa wakipatwa zaidi na maradhi ya mishipa ya moyo. Mazoezi ya mara kwa mara yanaweza kuuvuta mwili upande wa pili: presha hupungua, mishipa hutanuka kwa wepesi, usingizi hutengemaa, na, jambo ninalolithamini zaidi, mtu huzoea kuusikia moyo wake ukienda mbio kisha ukatulia wenyewe pasipo balaa lolote kutokea.

Nilijiunga na kikundi cha mazoezi, tukitoka baada ya sala ya alfajiri kuelekea Gombani, kisiwani Pemba. Leo ndimi ninayeongoza msafara, na kila tarehe 1 Januari, vikundi vinapokusanyika kwa siku ya mazoezi, huwa mstari wa mbele, hali baadhi ya walionicheka barzani hawapandi ngazi bila ya kupumzika.

Basi dada yangu, pima presha kwanza, kisha anza kwa kutembea kwa kasi inayokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba, ukilenga dakika 150 kwa wiki, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Hofu ikikujia, punguza mwendo bila ya kusimama ghafla, na vuta pumzi taratibu. Lakini ukipata maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama na umwone daktari. Mwili ni amana, na anayeulaza kitandani kwa kumsingizia shetani ataulizwa. Dawa na mazungumzo na mtaalamu wa afya ya akili usiviache kwa sababu umeanza kukimbia. Njia za pwani ziweke kando kwa sasa; utazipita baadaye, ukifuatana na mtu unayemwamini.