Shangazi, mke wangu ameficha ufunguo wa gari

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 38, nimeoa, ndoa ina miaka 9 na tuna watoto wawili. Mwaka jana tulinunua gari. Mimi nimelelewa kutomnyima mtu, kwa hiyo ndugu au rafiki akija na shida yake nampa ufunguo. Mke wangu hapendi. Jumamosi iliyopita mdogo wangu alikuja kuazima gari aende kwenye sherehe na wenzake. Mke wangu akasema mbele yake, "Gari haliondoki," akachukua ufunguo akaingia nao chumbani. Mdogo wangu aliondoka kwa hasira. Mama amenipigia simu kuniuliza mwanaume wa nyumba hiyo ni nani. Ni kweli zamani kidogo mdogo wangu aliligonga ubavuni, lakini ni bonyeo dogo, na nilimwambia mke wangu nimegonga mwenyewe ili kusiwe na maneno. Ni kweli pia kuna usiku mtoto aliumwa na gari halikuwepo, lakini alipata usafiri mwingine. Mkopo tunalipa wote, ila kadi ya gari ina jina langu. Nimfundishe vipi kuwaheshimu ndugu zangu?
Mume Niliyedhalilishwa

Marahaba, mwanangu. Pole kwa aibu uliyoipata mbele ya mdogo wako. Hakuna anayependa kukatwa kauli nyumbani kwake, mgeni akiwa sebuleni. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikirudia namwona mkeo tu.

Habari nzito zote umezitia kwenye zile sentensi zinazoanza na "ni kweli". Tuanze na usiku wa mtoto. Umeandika "alipata usafiri mwingine". Hukuandika "tulipata". Kwa hiyo gari la nyumba lilikuwa kwa mtu, na wewe mwenyewe hukuwepo, au ulikuwepo ukamwacha mkeo ahangaike na simu huku amebeba mtoto mwenye homa. Umelipita jambo hilo kwa mstari mmoja, mwanangu. Yeye hajalipita, na naamini siku ile alipoingia na ufunguo chumbani alikuwa bado yuko kwenye usiku ule.

Halafu bonyeo. Unasema mdogo wako aligonga "zamani kidogo", na gari mmelinunua mwaka jana. Hiyo zamani ni ya lini? Na unadhani mkeo aliuamini ule uongo? Mwanamke anayeamini kwamba mumewe ndiye aliyegonga, ufunguo angemfichia mume. Yeye amemfichia shemeji. Anajua. Alijua tangu siku ile, akakusitiri, akakaa kimya akisubiri umwambie mwenyewe. Ulipotaka kulikabidhi gari kwa mkono uleule uliolibonyeza, subira yake ikaisha.

Mwanzoni mwa barua umeandika "tulinunua gari". Mwishoni kadi ina jina lako. Kwenye kulipa ni lenu, kwenye kuazimisha ni lako. Huo si ukarimu, mwanangu. Mkarimu hutoa chake. Wewe unajijengea jina zuri kwa ndugu na marafiki, na gharama ya hilo jina analipa mwenzio: kwa mkopo, kwa kutembea na watoto juani, na kwa kuitwa mbaya. Maana hili nalo hukuliona: kazi ya kusema hapana umemwachia yeye siku zote. Wewe unabaki kaka mwema, yeye anakuwa shemeji mkali. Ndiyo, ningependa angekuita pembeni akakwambia mkiwa wawili. Lakini nina hakika hayo ya pembeni alishayasema mara nyingi, maana umeandika mwenyewe kwamba "hapendi". Ulijuaje kama hakukwambia?

Sasa nikuulize la kiutu uzima. Bima yenu ni ipi? Kama ni ile ndogo, ya mtu wa tatu, basi mdogo wako akigonga, wa kulipwa ni yule aliyegongwa, na ninyi mnabaki na vyuma vyenu na mkopo unaoendelea. Kama ni bima kubwa, ina masharti yake: dereva awe na leseni halali ya gari la aina hiyo, na mikataba mingine hutaja kwa majina watu wanaoruhusiwa kulishika au huongeza kiasi mnachojilipia wenyewe dereva akiwa kijana. Umesema mdogo wako alikuwa anakwenda kwenye sherehe. Akiendesha amelewa, kampuni inaweza kukataa kulipa. Hata ikikubali, kwa kawaida kuna kiasi cha kwanza mnachotoa mfukoni mwenu, na punguzo la ada ya bima kwa mwaka usio na madai, kama mlikuwa nalo, laweza kuondoka. Faini za kamera za barabarani, katika nchi nyingi, humfuata kwanza yule ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake, kwa sababu kamera husoma namba ya gari. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwenu harusi ni ya mdogo wako, matanga ni ya mkeo.

Na hapo sijagusa yale yasiyoonekana. Dereva wa kuazima halisikilizi gari. Taa nyekundu ya joto ikiwaka, anasema nifike tu. Dakika chache za "nifike tu" zinatosha kuunguza gasketi na kupinda kichwa cha injini. Ataendesha mguu umelala juu ya klachi njia nzima. Atarudisha gari taa ya mafuta ikiwaka, na kwenye magari mengi ya petroli pampu iko ndani ya tangi na hupozwa na mafuta hayohayo, kwa hiyo gari linalozoeshwa tangi tupu huua pampu mapema. Siku ya kurudishwa gari linang'aa, limeoshwa, na asante nyingi. Ugonjwa unajitokeza miezi mitatu baadaye, mkeo akiwa kwenye usukani na watoto wako nyuma, na aliyeusababisha hata hakumbuki.

Hili linanikera kwenye ndoa za siku hizi, na silisemi kwako peke yako. Watu wanaishi nyumba moja kila mmoja na hesabu yake. Mume anasifiwa mtaani kwa mkono wazi huku nyumbani wanasubiri. Mke naye anawakopesha mashoga zake fedha ambazo mumewe anaamini zimewekwa kwa ajili ya ada. Wote wawili wanaogopa kumwambia mtu wa nje "ngoja nikaulize nyumbani", kana kwamba kuuliza nyumbani ni kujidhalilisha. Zamani mtu aliyesema hivyo alihesabiwa kuwa ana nyumba. Leo anaambiwa ametawaliwa. Tumefika mahali mtu yuko radhi wa ndani alie, mradi wa nje wasinune.

Mama yako namsema kwa heshima, ni mzazi mwenzangu. Amekuuliza mwanaume wa nyumba hiyo ni nani kwa sababu amesikia nusu ya habari. Je, umemwambia nani aligonga gari? Umemwambia mjukuu wake aliumwa usiku na gari halikuwepo? Kama hukumwambia, basi wewe ndiye uliyemkaanga mkeo kwa mama mkwe wake, na kuzima huo moto ni kazi yako. Mpigie leo, umweleze yote.

Sikukatazi kusaidia ndugu. Panapokuwa na mgonjwa, msiba, au mama mwenye uchungu wa kujifungua, washa gari umpeleke mwenyewe, hata saa 8 za usiku. Huo ndio msaada wa kweli, na mkeo atakufungulia geti. Anayetaka gari la kwenda kwenye sherehe na wenzake, wachangishane nauli. Na ikitokea mmekubaliana wote wawili kumwazimisha mtu, leseni yake uione kwa macho, saa ya kurudi itajwe, mlizunguke gari pamoja na kulipiga picha kwa simu kabla halijaondoka. Anayeona hayo ni dharau, msimpe. Ukikataa, kataa kwa mdomo wako. Usiseme "shemeji yako hataki". Sema "mimi nimekataa".

Bonyeo la ubavuni mdogo wako alitengeneze. Hata kama hana fedha za mara moja, atoe kidogo kidogo. Mtu mzima aliyegonga akafichiwa hatajifunza kushika usukani kwa uangalifu, na aliyemlea hivyo ni wewe.

Ulichoniuliza, jinsi ya kumfundisha mkeo heshima, sikijibu. Leo watoto wakilala, mwambie ukweli wa bonyeo kabla hajakuuliza. Kisha mwombe akusimulie ule usiku wa homa ulivyokuwa, kuanzia alipogundua gari halipo. Usimkatize na usijitetee. Akimaliza, mwombe msamaha. Ufunguo mwache akae nao kwa sasa.