Posta yangu yatoka na ukungu

SWALI: Asalaam aleikum. Nauza viazi karai na bajia huku Likoni, nimetengeneza posta na GIMP, ile programu ya kutengeneza picha, kwa laptopu ya kakangu, kwa simu yaonekana poa lakini nikipeleka kuchapisha mjini yatoka na ukungu, maandishi hata hayasomeki. Nifanyeje? – Mama Bajia, Likoni

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. GIMP ni ya bure na kwa kazi hii yatosha kabisa, usiambiwe ununue kitu. Shida naona ni saizi, yaani ulianza na picha ndogo ya simu halafu ikakuzwa mpaka ikajaa karatasi. Anza upya, fungua A4 na rizolusheni uweke 300, yaani pikseli (vidoti vya picha) 300 kwa kila inchi, utapata pikseli kama 2480 kwa 3508, na ni lazima iwe mwanzoni kwa sababu picha ndogo ukiikuza baadaye haiwi safi hata ufanyeje. Viazi vyako vipige picha mchana kwenye mwanga, na zile za kutumiwa WhatsApp achana nazo, hubanwa zikapoteza ubora. Kisha kila kitu na leya yake, yaani tabaka lake peke yake, bei leya yake, picha yake, rangi ya nyuma yake, ndio kesho bei ikipanda wabadilisha hapo tu bila kugusa vingine. Maandishi meupe juu ya bajia hayaonekani, weka kiboksi cheusi nyuma yake. Fonti, yaani aina za herufi, mbili basi. Faili ya XCF, ile ya GIMP yenyewe ukihifadhi kazi, usiifute, ndiyo yenye leya zote, ya kupeleka mjini eksipoti PDF.